Simbilisi wa mwanangu amezeeka, na nimeshaona sokoni wa kumbadilisha

Shikamoo Anti,

Naomba usinicheke, maana najua wapo watakaosoma hii waseme huyu mama hana shida za dunia. Mimi nina miaka 37, naishi Dar huku Goba, napika keki za oda nyumbani, nina mume na mtoto mmoja wa kike. Kwetu Njombe. Kama unapajua kwetu basi unajua simbilisi (wale wanaoitwa guinea pig) tumekua nao jikoni, wanakimbizana chini ya benchi, wanakula majani ya mahindi na maganda ya kila kitu, mgeni akija mama anaingiza mkono anatoa wawili watatu na mchuzi unapikwa. Nimewala utoto wangu wote na sijawahi kumlilia hata mmoja.

Sasa mwaka 2019 tulienda Krismasi nyumbani, mwanangu alikuwa na miaka 4, bibi yake akampa majike wawili wadogo kwenye boksi la biskuti akamwambia nenda kafuge wakizaa mle. Hawakuzaa maana hakuna aliyewatafutia dume, na hawakuliwa maana kabla basi halijafika Mikumi walishapata majina, Kashata na Tosti. Ndo hivyo, ukishampa mtu jina huwezi tena kumtia chumvi.

Wameishi vizuri miaka yote hiyo. Mume wangu alitengeneza banda la mbao kule barazani, ukifungua friji tu wanaanza kelele wiiik wiiik nyumba nzima. Mwezi wa 6 mwaka huu Tosti tukamkuta asubuhi amekufa, amejilalia tu kama kawaida, tukamzika chini ya mpapai. Toka siku hiyo Kashata sio yule. Nafungua friji hata mara kumi, kimya. Manyoya yamesimama kama kalowana, jicho la kushoto limeingia weupe, miguu ya nyuma anatembea kama mtu aliyeshuka kwenye lori. Nikimpa mchicha anausogelea, anauchukua, halafu unadondoka mdomoni, na kidevu kinakuwa na maji maji. Mwezi wa 7 nilimpima kwenye mizani ya keki (nimeiwekea bakuli lake jamani, wateja wangu msiogope) alikuwa gramu 1,020. Jumamosi iliyopita gramu 790. Nimeandika kwenye daftari la oda, katikati ya keki za watu za ubarikio.

Kwa hiyo nikaanza kumlisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Asubuhi nasaga hoho na nyasi na chakula cha sungura kwenye blenda, naweka kwenye friji, nampa mchana, nampa saa 5 usiku, naamka tena saa 9. Nimenunua blenda yake kabisa. Vidonge vya vitamini C navisaga naweka kwenye maji yake ya kunywa. Nilienda duka moja la dawa za mifugo, kijana wa pale akacheka akasema mama hiyo si nyama hiyo, akaniuzia unga wa dawa ya kuku. Sijampa bado. Kwenye friji kuna amoksilini ya maji iliyobaki ya mtoto na nimekuwa nikiiangalia.

Nikijumlisha kila kitu nimetumia kama elfu 85 na mume wangu hajui. Siku ile alinikuta saa 9 usiku na bomba mkononi akaniambia, mke wangu, kuna watu wamelaza wagonjwa wao hawana hata hela ya dripu, na wewe unamuuguza panya. Niliumia lakini sikuwa na jibu. Na yeye sio mtu mbaya, nyasi zote ndo analeta yeye kwenye pikipiki akitoka kazini, anasema anapita tu njia hiyo. Mama yangu nilipompigia alicheka mpaka akakohoa, akasema mlete huku atakaa na wenzake, na akizidiwa si unajua, ijapokuwa kashazeeka huyo hata mchuzi wake utakuwa wa kutafuna.

Sasa shida yenyewe. Mwanangu ana miaka 10 na mwezi wa kwanza anaenda bodingi darasa la 5. Wiki iliyopita akiwa anapanga tranka lake akaniambia, "Mama niahidi humpeleki Kashata kwa bibi mimi nikiwa sipo." Nikamwahidi. Kwa hiyo nimeshamwahidi mtoto kwamba akirudi likizo atamkuta Kashata, na mimi naona kabisa hatamkuta.

Hapa ndo unishauri. Sokoni kuna kijana anauza njiwa na sungura, juzi nimeona simbilisi wa rangi ile ile, kahawia mbele na nyeupe nyuma, tofauti ni sikio tu maana Kashata ana mkato aliong'atwa na Tosti wakiwa wadogo. Nimewaza nimnunue niweke, mtoto akirudi amkute, basi yaishe. Au nimnunue sasa hivi awe mwenzake maana labda ni upweke. Au nimchome sindano apumzike. Au niendelee hivi hivi kwa bomba mpaka Mungu mwenyewe aamue, maana huo ni uzee tu na uzee hauna dawa. Sijui nifanyeje Anti. Usingizi sina na keki mbili nimeziunguza.

Mama Kashata, Goba

*

Marahaba mdogo wangu, na pole ya keki.

Sijakucheka. Nimecheka pale kwenye bakuli na mizani, hapo nakiri, ila barua yako nimeisoma mara tatu na ya tatu nikachukua kalamu, maana umeniandikia jambo moja kumbe ndani yake yako manne yamefungwa fundo moja. Kuna mnyama mgonjwa, kuna mtoto anayeondoka nyumbani, kuna elfu 85 ambazo mume hazijui, na kuna wewe unayeamka saa 9 peke yako. Ukiyavuta yote kwa mkupuo fundo linazidi kukaza, ngoja tuvute uzi mmoja mmoja.

Naanza na mnyama kwa sababu yeye ndo hana muda. Umesema huo ni uzee tu. Hapo naomba tusimame kidogo. Simbilisi huishi miaka 5 mpaka 8, wachache wanapita hapo, kwa hiyo huyu wa miaka 6 ni bibi kweli. Lakini uzee una mambo yake na ugonjwa una yake. Jicho kuingia weupe, hiyo inaweza kuwa mtoto wa jicho, wazee wengi wanapata na wanaishi nalo bila shida alimradi usihamishe hamishe bakuli na kibanda chake, maana anakuwa amekariri njia. Kutembea kwa shida, inaweza kuwa baridi yabisi kama ya bibi zetu. Ila kushuka kutoka 1,020 mpaka 790 ni zaidi ya sehemu moja ya tano ya mwili wake ndani ya miezi michache, na hiyo haiitwi uzee. Hiyo ina sababu.

Na sababu mwenyewe umeiandika bila kujua. Hujasema Kashata hataki kula. Umesema anasogelea, anachukua, inadondoka, kidevu kinaloa. Huyo anataka kula, anashindwa. Simbilisi ana meno 20 na yote yanaota maisha yake yote, mbele na nyuma, yanapunguzwa na kutafuna nyasi. Akiacha kutafuna sawasawa magego ya chini yanarefuka yakielekea ndani mpaka yanakaa juu ya ulimi kama daraja, na hapo hata kumeza inakuwa kazi. Ukimtazama kwa mbele unaona meno yake mawili mazuri tu unasema mdomo hauna shida. Magego yako mbali kule, mdomo wake mwembamba, lazima dokta aingize kifaa chenye taa, na mara nyingi ampe dawa ya usingizi ndo aone na kusawazisha. Sisemi ndo hilo kwa hakika, sijamshika. Nasema hili ni swali linalojibika, na bado hujapata mtu wa kulijibu, umepata kijana wa dukani tu aliyecheka.

Lingine ni kiseyeye. Simbilisi ni kama sisi binadamu, mwili wake hautengenezi vitamini C, lazima aile kila siku. Mwaka 1907 huko Norway Axel Holst na Theodor Frølich waliwalisha simbilisi nafaka tupu, wakashangaa wamepata kiseyeye kile kile cha mabaharia, na hiyo ndo ilifungua njia ya kuijua vitamini yenyewe. Dalili zake ni viungo kuvimba na kuuma, kutembea kwa shida, manyoya kusimama, kukonda. Umeona zinavyofanana na hizo za Kashata? Sasa ile ya kwenye maji ya kunywa iache, vitamini C inaharibika haraka kwenye maji na huwezi kujua amekunywa kiasi gani. Na huo uji unaosaga asubuhi ukakaa friji mpaka saa 9 usiku nao unapoteza njiani. Mzima anahitaji kama miligramu 10 kwa kilo ya mwili kwa siku, mgonjwa mara tatu yake au zaidi. Kipande cha hoho mbichi cha gramu 20 au 30 kinamfikisha kama mzima, na hicho kidonge kilichobaki kitengee kipande kidogo ukisage ukichanganye na tonge la uji papo hapo, kiasi chake dokta atakuambia akishajua uzito. Pera pia lina vitamini C nyingi sana, ila ni tamu, kipande kama ukucha wa kidole kinatosha. Na hicho chakula cha sungura mara nyingi hakijawekewa vitamini C maana sungura anajitengenezea mwenyewe.

Halafu dada yangu, hiyo chupa ya amoksilini kwenye friji. Funga mlango. Hapa ndo sehemu pekee nitakayokuwa mkali kwako. Amoksilini na ndugu zake wa penisilini ukimpa simbilisi mdomoni zinaua wadudu wazuri wa tumboni, wabaya wanapata nafasi, wanatoa sumu, na anaweza kufa kwa siku chache. Na huo unga wa kuku urudishe au utupe. Dawa za maumivu za simbilisi zipo, ila ni za dokta kwa uzito wake, sio panado ya mtoto.

Najua utasema dokta gani. Madaktari wetu wa mifugo wengi wamelelewa na ng'ombe na kuku, hawana kosa. Usiende na mnyama kwanza, piga simu. Kliniki za mbwa na paka hapo mjini zipo, uliza swali moja tu, umewahi kusawazisha meno ya sungura au simbilisi? Akisita, mshukuru, piga nyingine. Morogoro pale Chuo Kikuu cha Sokoine kuna hospitali ya wanyama, angalau piga uwaulize wanamjua nani Dar. Na hatari zake nikuambie wazi: dawa ya usingizi kwa bibi wa miaka 6 aliyekonda sio mchezo, anaweza asiamke, na meno yakishaharibika mwelekeo huwa yanarudi, unaweza kujikuta unalipia tena baada ya wiki kadhaa. Kwa hiyo kabla hujafika huko kaa ujue mfuko wako unaishia wapi. Kusema nitalipa uchunguzi na dawa ya maumivu lakini sitalipa upasuaji wa pili sio ukatili. Kuna watu wanaamua hivyo hata kwa mbwa wa ulinzi wa laki kadhaa.

Wakati unatafuta, hayo ya nyumbani. Bomba umefanya vizuri, bila wewe asingefika leo, maana simbilisi akikaa karibu siku nzima bila chakula tumbo linasimama na kulianzisha tena ni shida. Ila mfunge kwenye kanga akiwa amekaa, usimlaze chali, ingiza bomba kwa pembeni nyuma ya meno ya mbele, kidogo kidogo asubiriwe atafune, asije akapaliwa. Nyasi ziwepo muda wote hata kama unaona hazigusi, na mkatie fupi fupi. Banda la mbao alilotengeneza baba likiwa na kizingiti cha kuruka, kishushe au weka kipande cha kapeti apande taratibu. Chini tandika taulo nene kavu, badilisha kila siku, maana mzee hasogei, anakaa kwenye mkojo wake na nyayo zinapata vidonda. Kucha angalia, zikizidi urefu zinapinda anakanyaga kwa upande. Mpapase tumboni na mbavuni, majike wazee wanapata sana uvimbe wa maji kwenye mfuko wa mayai, na ukiona manyoya yananyonyoka pande zote mbili sawasawa mwambie dokta. Ukisikia analia akikojoa, au ukaona damu, hayo yanaweza kuwa mawe ya kibofu, usisubiri.

Na joto! Huyu ni mtu wa Njombe. Mwezi wa 12 mpaka wa 2 hapo Dar barazani jua la saa 8 linaweza kummaliza kabla ya meno. Mwingize ndani kwenye vigae, funga chupa ya maji ya barafu kwenye kitambaa uweke pembeni, akitaka atajisogeza mwenyewe.

Haya, tumwache kidogo Kashata tuje kwa kijana wa njiwa.

Simbilisi ni mnyama wa kukaa na wenzake, hapo umeona sawa kwamba upweke ni sehemu. Uswisi kuna kanuni toka mwaka 2008 kwamba huruhusiwi kumfuga peke yake, wanatakiwa angalau wawili, na kwa sababu hiyo wapo watu huko wanaoazimisha simbilisi kwa mwenye mzee aliyebaki peke yake, akifa unamrudisha yule wa kuazima. Nimekuambia hiyo kwa sababu inaonyesha tatizo lenyewe: ukinunua kijana leo, Kashata akiondoka yule kijana atabaki peke yake, utamnunulia mwenzake, na utakuwa mfuga simbilisi mpaka ustaafu. Labda unapenda hivyo, ni sawa kabisa. Ila ujue ndo unachoingia. Pia mnyama wa sokoni anaweza kuja na mafua au wadudu, akae chumba kingine wiki mbili kabla ya kukutana na mgonjwa. Na kubwa kuliko yote, muuzaji akikuambia ni jike, hakikisha mwenyewe, wewe wa Njombe unajua kuangalia. Jike ambaye hajawahi kuzaa mpaka amepita kama miezi 6 au 7, mifupa ya nyonga inaungana, akipata mimba uzeeni kuzaa kunaweza kumuua. Kashata na dume kwenye banda moja ni hukumu.

Hiyo ni ya kumnunua awe mwenzake. Ya kumnunua awe Kashata sasa... Mdogo wangu, wewe mwenyewe umeona sikio. Umeliona kwa dakika mbili ukiwa sokoni na kelele zote zile. Mtoto aliyekaa nao miaka 6 hataona sikio? Na hata usipofikiria sikio, ameacha bibi mwenye jicho jeupe anayetembea kama kashuka kwenye lori, amerudi amemkuta binti anaruka na kupiga wiiik kwenye friji. Atauliza mama, Kashata amerudi ujana? Utamjibu nini? Naelewa kwa nini umelifikiria, unataka asiumie akiwa mbali na wewe, mama gani hataki. Na wapo waliofanya hivyo na mtoto hakujua, siwezi kukudanganya. Ila ukishaanza inabidi na baba aingie, na bibi kule Njombe ambaye hawezi kunyamaza hata simu moja, wote wabebe siri kwa ajili ya mnyama wa gramu 790.

Na hapa ndo nilichukua kalamu. Rudi kwenye barua yako. Umeandika kwamba umemwahidi mtoto akirudi atamkuta Kashata. Lakini maneno ya mtoto uliyoyaandika sio hayo. Alisema, niahidi humpeleki kwa bibi mimi nikiwa sipo. Mtoto wa miaka 10 ambaye ameshamzika Tosti chini ya mpapai anajua simbilisi wanakufa, alikuwepo. Mimi nikisoma naona hajakuomba asife. Anachoogopa labda ni chungu cha bibi. Au anaogopa mambo kuamuliwa akiwa hayupo, aambiwe kwa simu ya matroni. Hiyo ahadi aliyoiomba unaweza kuitimiza hata Kashata akifa kesho. Ile nyingine umeiongeza wewe mwenyewe, na ndo inayokuamsha saa 9. Inawezekana nimekosea, wewe ndo unamjua. Si uko naye nyumbani mpaka mwezi wa kwanza, muulize. Mwonyeshe daftari lenye gramu, usimfiche namba, mwambie Kashata anaumwa na hatujui, ungependa tufanye nini akizidiwa na wewe uko shule? Atalia, ndio. Atalia nyumbani mkononi mwako na sio bwenini kwenye kitanda cha juu.

Kwa hiyo wazo la Njombe linakuwa gumu kwa sababu hiyo kwanza, ingawa silidharau. Kule kuna baridi yake, nyasi bure, na wenzake. Ila kuna kama kilomita 700 kwenye basi kwa mgonjwa, kuna moshi wa jikoni kwenye kifua cha mzee, kuna kundi geni linaloweza kumfukuza kwenye chakula, na kuna mama yako ambaye mimi na wewe tunajua kile kicheko kilikuwa nusu tu.

Sindano ya kumpumzisha. Sitakuambia fanya na sitakuambia usifanye. Nitakuambia nini cha kuangalia. Pale kwenye daftari la oda, chini ya gramu, weka alama kila jioni: leo alisogelea chakula mwenyewe? alijisafisha? alitembea kutoka kona moja kwenda nyingine? Na zile mbaya: kujikunja mpira kwenye kona, kusaga meno kwa maumivu, kukataa hata uji wa bomba. Siku mbaya zikiwa nyingi kuliko nzuri wiki nzima utajua unachofanya kwa bomba ni kurefusha nini. Wengine hapo wanamwita dokta, anachomwa analala kwenye taulo lake. Wengine moyo unakataa wanamwacha aende mwenyewe, na hatari ya hiyo ni kwamba simbilisi ni mnyama wa kuwindwa toka enzi za asili yake kwenye milima ya Andes kule Peru, anajua kuficha maumivu, ukiyaona ujue yameanza zamani. Kwetu kuna mzigo mwingine tena, wewe umekua unaona simbilisi akifa kwa sekunde jikoni na hakuna aliyehesabu dhambi, leo unajiona mnafiki. Sioni unafiki. Yule alikuwa kitoweo na alipewa heshima ya kitoweo, huyu umemwingiza ndani. Mtu huyo huyo anaweza kuwa na vyote viwili, nenda Peru kwenyewe uone.

Nimebakiza baba. Maneno yake ya dripu yalikuuma kwa sababu yana ukweli, na pia kwa sababu yalisemwa saa 9 usiku, na hakuna mtu anayesema vizuri saa 9 usiku. Lakini mdogo wangu, mtu anayepita tu njia hiyo hasimamishi pikipiki akafunga mzigo wa nyasi. Inawezekana kinachomkera ni kuona mke wake halali wiki zote hizi, na hajui kulisema hivyo ndo akasema panya. Inawezekana pia ni hela kweli, mambo ya bodingi mwezi wa kwanza, tranka, godoro, ada. Hujamuuliza kwa sababu ukimuuliza itabidi utaje elfu 85. Ukimtajia atakasirika, hilo tegemea, pengine siku mbili. Akiziona mwenyewe kwenye ujumbe wa muamala kwenye simu yako hiyo ni hadithi nyingine na haitakuwa ya simbilisi tena. Na ukishamtajia unaweza kumwomba kitu, mfano zamu ya saa 5 awe yeye. Mkono ulioweza kutengeneza banda unaweza kushika bomba. Akikataa, basi angalau hesabu ya mpaka hapa na basi mmeiweka wawili.

Kesho asubuhi kabla hujavunja yai la kwanza, mpime, andika, halafu piga ile simu ya meno. Na mwisho wa mwezi uniandikie, uniambie ni gramu ngapi, mtoto alijibuje, na kama baba bado anapita tu njia ile.

Anti yako